Mashine ya kuosha vyombo: dada wa kazi awepo fundi anapoifunga

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za nyumbani hapa Dar es Salaam: friji, mashine za kufulia, na siku hizi mashine za kuosha vyombo, ambazo zamani ungezikuta hotelini na kwenye nyumba za mabalozi tu. Sasa ziko Mbezi Beach, ziko Goba, ziko Kigamboni. Nikipigiwa simu kwenda kufunga moja, naomba jambo moja kabla ya mengine yote: dada wa kazi awepo, asitumwe sokoni saa hiyo.

Wenye nyumba wengi hushangaa. Wao ndio walionunua na wao ndio wanaotaka kuonyeshwa. Lakini mwenye nyumba ataiwasha Jumapili moja, labda mbili. Anayeshinda nayo, asubuhi vikombe vya chai, mchana sahani za ugali na samaki, usiku mabakuli na sahani tena, ni dada. Na kile kitabu kilichomo kwenye boksi kina lugha nyingi tu, Kijerumani, Kituruki, Kiingereza, ila Kiswahili hukioni. Kwa hiyo mtu ambaye mkono wake ndio utakaokutana na kisu, mvuke na umeme ndiye asiyeambiwa kitu. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayomwonyesha yeye, mwenye nyumba akiwa amesimama pembeni anasikiliza. Kama nyumbani kwako mwenye kuosha ni wewe mwenyewe, basi yote ni yako.

Umeme kwanza, na nitakaa hapa kidogo

Ndani ya mashine hii kuna pampu inayorusha maji kupitia mapanga mawili yanayozunguka, na kuna hita inayoyapasha moto. Pampu haina makuu. Hita ndiyo inayokula umeme. Tafuta kibandiko kwenye ukingo wa mlango au nyuma ya mashine. Mashine nyingi zimeandikwa kati ya wati 1,800 na 2,400. Kwa umeme wetu wa volti 230, wati 2,000 ni karibu ampea 9. Friji ya kawaida, ikishaanza kuzunguka, haifiki hata ampea 2.

Ndiyo maana siichomeki mashine hii kwenye ekstensheni, hata niambiwe ni ya muda tu. Ekstensheni nyingi zinazouzwa barabarani zina waya mwembamba kuliko ule ulioandikwa juu yake. Utaiona inafanya kazi vizuri wiki ya kwanza. Shika plagi yake baada ya nusu saa ya kuosha: ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, plastiki ya ndani imeshaanza kulainika. Mwisho wake ni harufu, kisha doa jeusi kwenye soketi, kisha moto nyuma ya kabati mahali ambapo hakuna anayeona.

Kuna na kile kiboksi cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Watu wanakihamisha kutoka kwenye friji wakidhani wanaitendea mema mashine mpya. Kigeuze usome namba. Vingi vimetengenezwa kwa ampea 5. Ukikibebesha ampea 9 kitaungua, na kinapoungua kinaungulia jikoni kwako. Vipo vya ampea 13 na zaidi. Nunua hicho, au fungiwa kikubwa kwenye meni swichi kinacholinda nyumba nzima.

Soketi ya mashine iwe ya ukutani, ya peke yake, na waya wake utoke kwenye meni swichi ukiwa wa milimita za mraba 2.5. Halafu isifichwe nyuma ya mashine. Naipenda iwe ndani ya kabati la jirani, juu kidogo ya sakafu, mahali ambapo dada anaweza kunyoosha mkono akaizima bila kuvuta mashine na bila kukanyaga maji. Siku maji yatakapomwagika, hiyo ndiyo swichi itakayotakiwa.

Sasa niseme la kalamu. Mashine nyingi zinaletwa kutoka Ulaya, nyingine mpya, nyingine zimetumika na kushushwa na kontena. Plagi yake ina miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu zina matundu matatu ya mraba, na lile la juu ndilo la ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ndilo pia linalofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Watu wamejifunza kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu, vizuizi vikafunguka, kisha wakaisukuma plagi ya miguu miwili ndani. Mashine inawaka. Lakini ethi ya plagi ile ya Ulaya iko kwenye vipande vya chuma pembeni mwake, na kwenye soketi yetu vipande vile havigusi chochote. Mashine inafanya kazi bila ethi, juu ya sakafu yenye maji.

Niliwahi kuitwa nyumba moja kwa sababu mashine ilikuwa haitoi maji machafu. Nilipopiga magoti kuifungua, dada wa pale, binti wa miaka kama ishirini, akaniambia kwa sauti ya chini: "Shikamoo fundi. Vaa kandambili kwanza, hii inatekenya." Alikuwa ameshajua mwenyewe kwamba akiigusa akiwa peku inamtekenya vidole, akivaa kandambili haimtekenyi, na akaendelea hivyo bila kumwambia mtu. Nilipopima kati ya mwili wa mashine na ethi ya kweli, mita ilisoma zaidi ya volti 90.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya mashine, pale waya wa umeme unapoingia, kuna kifaa kidogo cha kuchuja kelele za umeme. Kinaunganishwa na mwili wa chuma ili kelele zile zishukie kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, mwili mzima wa mashine unabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Umeme unaopita ni mdogo sana, ndiyo maana unatekenya tu, hauui. Lakini unakuambia habari kubwa: ethi haipo. Siku hita itakapopasuka na kuvujisha umeme wote kwenye chuma, njia pekee ya kwenda ardhini itakuwa mwili wa yule aliyeshika mpini wa mlango. Mtekenyo si kasoro ya kuzoea. Zima ukutani, chomoa, usiitumie tena mpaka fundi umeme aje apime ethi ya nyumba na abadilishe plagi iwe ya miguu mitatu ya mraba, yenye fyuzi ya ampea 13.

Akiwa hapo, mwombe aweke RCD ya miliampea 30 kwenye laini ya jikoni. Hicho ni kikatio kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi; ukipungua kidogo tu kwa sababu unapita kwa mtu au kwenye maji, kinakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Breka inalinda waya, RCD inalinda mtu. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu au hivi. Kisipokata, kimekufa, kibadilishwe.

Mashine iliyotoka Marekani ni habari nyingine. Kule umeme ni volti 120 na masafa ni hezi 60, hapa ni volti 230 na hezi 50. Usinunue, hata iwe rahisi namna gani. Transfoma ya kuiendesha inavyostahili itakugharimu, na bado mota haitazunguka kwa kasi iliyoundiwa.

Umeme ukikatika katikati ya kuosha, dada azime ukutani na aiache imefungwa. Umeme ukirudi asikimbilie kuwasha; asubiri dakika kama kumi utulie. Mashine nyingi zinakumbuka zilipoishia na zinaanza zenyewe kurusha maji ya moto, kwa hiyo asiwe na mkono ndani akipanga upya vyombo wakati swichi imewashwa.

Maji yanayoingia na yanayotoka

Kitabu cha mashine kitakuambia inahitaji mgandamizo wa maji kuanzia baa 0.5 hivi, nyingine zinakubali 0.3. Kila mita 10 za kimo cha maji zinaleta takriban baa 1. Sasa pima tenki lako. Kama liko juu ya mnara wa mita 4 na mashine iko chini, una baa 0.4. Mashine itangoja maji, itachoka, italeta namba ya hitilafu na kulia. Hapo ndipo watu wanapofungua mlango na kumimina ndoo ya maji ndani "kuisaidia". Tafadhali msifanye hivyo. Vitufe na kadi ya umeme viko juu ya mlango huohuo unaomwagia maji, na mashine haijui umeweka kiasi gani. Dawa yake ni kuinua tenki au kufunga pampu ndogo ya kuongeza nguvu, na pampu hiyo nayo iwe na ethi.

Mpira wa kuingiza maji una nati ya inchi robo tatu na washa ya mpira ndani yake. Unakazwa kwa mkono, kisha robo ya mzunguko kwa koleo, basi. Ukikaza mno washa inakatika na utajua usiku wa manane. Kila mwezi dada apitishe kiganja juu ya mpira wote: akikuta mahali pamevimba au pana nyufa, ubadilishwe hata kama hauvuji. Mpira ukifika miaka mitano nauondoa tu. Na koki ya maji ifungwe mkisafiri, hata kama ni safari ya siku mbili ya Bagamoyo.

Mpira wa maji machafu upandishwe juu, karibu na usawa wa chini wa meza ya jikoni, kabla haujashuka kuelekea kwenye bomba la sinki. Ukiulaza sakafuni, sinki likiziba maji yake machafu yatarudi ndani ya mashine, yakae juu ya sahani mnazodhani ni safi. Nyumba nyingi ninazoitwa kwa ajili ya "harufu" tatizo ni hili, na linamalizika kwa kamba moja ya plastiki ya kufungia mpira.

Maji ya kisima ni jambo letu kabisa. Visima vingi vya Dar, hasa upande wa pwani, vina chumvi. Mashine ina sehemu ya kulainisha maji, na sehemu hiyo inasafishwa na chumvi maalumu ya mabonge unayoiweka kwenye kizibo cha chini. Inaondoa ugumu wa maji, yaani ile chokaa nyeupe inayoganda kwenye birika. Haiondoi uchumvi. Maji ya chumvi yakipashwa moto kila siku yanakula chuma, hata kile kinachoitwa hakishiki kutu: kwanza utaona vidoa vya kahawia kwenye vijiko, baadaye kwenye kuta za mashine, na mwishowe kitobo kidogo kinachodondosha maji chini, ambako ndiko zilipo pampu na nyaya. Kama una maji ya kisima na ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, mashine iunganishwe na tenki la DAWASA peke yake.

Chumvi ya chakula usiweke, ile yenye madini joto. Unga wake ni mwembamba na umechanganywa na vitu vya kuzuia isigande, inaziba. Na ukishamimina ile ya mabonge, washa mashine saa hiyohiyo, kwa sababu inayomwagika pembeni ikilala pale usiku kucha inatoboa.

Sabuni, na watoto

Hapa sipunguzi maneno. Sabuni ya mashine hii si sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono. Imetengenezwa iwe kali kiasi cha kuyeyusha mafuta bila mtu kusugua, kwa hiyo ikigusa ulimi au koo la mtoto inaunguza nyama. Na inauzwa kwa namna ya kumtamanisha: vidonge vya rangi ya bluu, nyekundu na kijani, vingine laini vimefungwa kwenye utando unaoyeyuka mara tu ukikutana na mate. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukitofautisha na peremende. Pakiti ikae kabati la juu, imefungwa, ndani ya kifungashio chake chenye maandishi. Isihamishiwe kwenye kopo la biskuti wala chupa ya soda. Dada akishike kidonge kwa mkono mkavu, akitie kwenye kisanduku chake mlangoni kama kitu cha mwisho kabisa, afunge mlango, awashe. Asikiweke kwanza halafu akaenda kukusanya vikombe sebuleni huku mlango uko wazi. Nusu dakika inamtosha mtoto.

Baada ya kuosha, achungulie kile kisanduku kabla mtoto hajafika. Mara nyingine kijiko kirefu kinazuia kifuniko kisifunguke, na kidonge kinabaki pale kimelainika nusu, ndicho kibaya zaidi kwa kuwa kinang'ang'ania mdomoni.

Mtoto akiitia mdomoni: toa kilichobaki kwa kidole, msuuze mdomo kwa maji safi, umfute uso na mikono. Usimtapishe. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimpe mafuta ya kula wala limau. Mpeleke hospitali, na beba pakiti ili daktari asome kilichomo. Akianza kutokwa mate mengi, kukataa kumeza au kupumua kwa shida, usingoje hata dakika. Ikiingia jichoni, jicho liwe wazi chini ya maji safi yanayotiririka taratibu kwa dakika 15 hadi 20, ndipo mwende hospitali. Dakika zile ni ndefu na mtoto atalia, mshikilie.

Sabuni ikiisha, msitumie mbadala. Sabuni ya maji ya mkono au ya unga wa kufulia inatoa povu. Pampu inapiga povu badala ya maji, povu linatoka chini ya mlango, na sakafu ya vigae inateleza kiasi cha kumvunja mtu nyonga. Ikishatokea: zima ukutani, chomoa kwa mkono mkavu, acha povu lishuke lenyewe, chota lililobaki, panguseni sakafu, kisha mashine iwashwe tupu kwenye hatua ya kusuuza mpaka maji yatoke bila povu. Siku sabuni haipo, vyombo vioshwe kwa mkono. Hakuna aibu.

Na jiki. Najua tunavyoipenda. Humu ndani haifai: inakula chuma na mpira wa mlango. Hatari kubwa zaidi ni pale mtu anapomwaga siki au unga wa kuondolea chokaa ili kuisafisha mashine, kisha akaongeza jiki "iue wadudu". Klorini ya jiki na tindikali ya siki au ya unga ule vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na jiko la ghorofani lenye dirisha moja linajaa upesi. Mtu akiisikia ile harufu kali ya kukata pumzi, atoke nje kwanza, afungue milango akiwa anatoka, asibaki kusuuza.

Kupanga vyombo

Visu virefu naona bora vioshwe kwa mkono. Mkitaka viingie, vilazwe rafu ya juu makali yakitazama chini, au visimamishwe kwenye kikapu ncha ikiwa chini na mpini juu. Uma vilevile. Sababu yake utaiona ukifungua mlango: unalala kama meza fupi, rafu ya chini imevutwa nje, na kikapu kiko usawa wa kifua cha mtoto anayetambaa. Mtu mzima naye akijikwaa kwenye mlango ule ataangukia hapohapo. Kwa hiyo dada akitoa, aanze na kikapu cha visu na uma, avipeleke mahali pake, ndipo aendelee na sahani. Na mlango usiachwe wazi "upate hewa" watoto wakiwepo. Mwanya wa vidole viwili unatosha.

Mlango si ngazi wala kiti. Mashine inayosimama yenyewe, isiyofungwa skrubu kwenye meza, ikikaliwa na mtoto mlangoni huku rafu zimejaa na zimevutwa, inapinduka mbele na sahani zote. Kila mashine ninayofunga naitia skrubu mbili juu.

Vitu vyetu vingi havitakiwi humo. Sufuria za alumini ndizo ninazoulizwa zaidi, kwa sababu ndizo zilizojaa majikoni. Sabuni hii inakula ile ngozi nyembamba inayoilinda alumini. Inatoka nyeusi, na weusi ule unabaki mikononi na kwenye taulo. Zioshwe kwa mkono. Mwiko, kinu, ubao wa kukatia, mbuzi ya nazi, chungu cha udongo: hapana, mbao inapasuka na chungu kinanywa sabuni. Karai la chuma litashika kutu. Chupa ya chai ya kuhifadhi joto hapana, maji yanaingia katikati ya kuta mbili na hayatoki. Kifuniko cha sufuria ya presha nacho kioshwe kwa mkono, maana punje ya wali au ya maharage ikikwama kwenye tundu la kutolea mvuke, hatari yake utaikuta jikoni keshoyake, si humu. Vyombo vya plastiki nyepesi viwekwe rafu ya juu, vibanwe. Vikidondoka karibu na hita vinayeyuka na kutoa moshi. Ukimaliza kupanga, zungusha mapanga yote mawili kwa mkono. Yakigonga mpini wa kitu, panga upya.

Mvuke haujitangazi. Mashine ikiwekwa kuosha kwa nguvu inafika nyuzi 65 hadi 75, na maji ya namna hiyo yanaunguza ngozi papo hapo. Ikilia kwamba imemaliza, iachwe dakika 20. Anayefungua asimame pembeni, si uso juu ya mlango, aufungue kidogo kwanza. Mwenye miwani atajua haraka ninachosema. Na asiifungue katikati ya kuosha kuongeza kikombe kilichosahaulika.

Chujio

Chini ya rafu kuna chujio la mviringo. Kwa vyakula vyetu lisafishwe kila siku mbili tatu: magamba ya samaki, miiba, punje za wali, ugali uliolowa, na vijiti vya meno, ambavyo ni adui wa pampu kuliko vyote. Sahani zikung'utwe kwanza kwenye pipa la taka. Utaratibu ni huu: zima, chomoa, subiri ipoe, toa chujio, lioshe kwa brashi laini. Shimo linalobaki msiingize vidole. Glasi ikivunjika humo, vipande vinakaa pale chini ya maji machafu, havionekani hata kidogo. Nyonya maji kwa sponji, mulika kwa tochi ya simu, toa vipande kwa koleo. Dada apewe glovu nene za kazi hii. Za hospitali hazizuii kioo.

Mpira unaozunguka mlango ufutwe kwa kitambaa kikavu kila jioni. Mwaka 2011 watafiti wa Slovenia walichapisha matokeo ya kupima mipira hiyo kutoka nchi mbalimbali, na kwenye zaidi ya nusu ya mashine walikuta ukungu unaohimili joto na sabuni. Kwa nyumba yenye mgonjwa au kichanga, kitambaa kile kina maana.

Panya. Wanapenda nafasi ya chini ya mashine, kuna joto na makombo, na wanatafuna mipira na nyaya. Mashine ikianza kukata RCD bila sababu, au ukiona kinyesi cha panya kwenye kabati la sinki, iitiwe fundi kabla haijawashwa tena. Matundu ya ukutani yanakopita mabomba yazibwe kwa saruji, si kwa gazeti.

Kusema bila woga

Katika nyumba ninazokwenda, hitilafu nyingi zilikuwa zimeshaonekana muda mrefu kabla sijaitwa. Dada aliona maji, alisikia harufu, alitekenywa. Hakusema kwa sababu aliogopa kukatwa mshahara. Hilo naliona ni hatari kuliko waya mbovu. Mama au baba mwenye nyumba amwambie waziwazi, mbele yangu kama inawezekana: ukiona jambo, zima, niambie, hutalipa. Na awe na ruhusa ya kuzima hata kama wageni wako mezani.

Ndiyo maana pia naandika karatasi moja ya Kiswahili na kuibandika ndani ya mlango wa kabati: swichi iko wapi, koki iko wapi, kidonge kinaingia wapi, alama gani ni ya kuosha kwa kawaida, nini kisiingie, na namba ya zimamoto, 114. Dada akibadilika, mpya asomewe na aonyeshwe swichi kwa vitendo siku ya kwanza.

Mashine isiwashwe watu wakienda kulala, wala nyumba ikiwa tupu. Najua wengi wanaiacha usiku ili asubuhi vyombo viwe tayari. Iwashwe baada ya chakula, mtu akiwa macho. Ukiona moshi au kusikia harufu ya plastiki inayoungua, zima kwenye meni swichi, usifungue mlango wa mashine kwani hewa itauchochea moto, usimwagie maji, toeni watoto nje, pigeni 114.

Mashine iliyokufa ikiwekwa uani kungoja mnunuzi wa vyuma chakavu, kata waya wake wa umeme karibu kabisa na mwili na ung'oe kitasa cha mlango siku hiyohiyo. Watoto wanaocheza kibe huingia popote wanapoenea.